Sindano ya Saba

Mimi nimeona mengi. Nimeona kuku akimfukuza askari, nimeona mvua ikinyesha upande mmoja wa paa langu huku upande wa pili nimeanika unga, na haukulowa. Lakini siku niliyomwona binti yangu akivichana kwa mkasi viti alivyovishona mwenyewe, mwenye viti yuko njiani kuvichukua, nilikaa sakafuni bila kuchagua pa kukaa.

Binti yangu huyu mtaa mzima unamwita Sista. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka ishirini na minane. Alipostaafu tulidhani atalala. Juma la pili tu naingia sebuleni kwake, nakuta kochi kubwa la mumewe limelazwa chali, limepasuliwa tumbo, springi ziko nje. Mkwe wangu amekaa juu ya ndoo, anakunywa chai.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Kochi langu, mama," akasema. "Mwenzangu anajifunza ufundi."

Na alijifunza kweli. Kochi lile lilipofungwa upya, paka alifuta miguu kabla ya kulipanda. Majirani wakaanza kuleta vyao. Kisha akaja Nahodha, bwana mmoja mwenye boti sita za kuvusha abiria. Alitaka boti moja ipate viti vipya na paa la turubai.

"Hii ikinipendeza," akasema, "tano zilizobaki ni zako."

Mkwe wangu naye akatoa sharti lake: kazi hii ikiharibika, cherehani iuzwe, sebule irudi kuwa sebule. Sista akaitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyepaliwa na chai, maana cherehani ile aliinunua kwa kiinua mgongo chake, na kila jioni aliifunika shuka kama kichanga.

Sasa, hospitalini kwao mgonjwa hafungwi tumbo mpaka vyombo vihesabiwe. Vimeingia saba, vitoke saba. Sista alihama na desturi hiyo. Sindano zake saba, zilizopinda kama kucha za mwewe, alizipanga kwenye trei, na hakufunga kiti kabla hajazihesabu kwa sauti.

Siku ya kukabidhi kazi, viti kumi na viwili vya buluu vilikuwa vimepangwa ukutani, vimekaza kama ngoma. Turubai limekunjwa mlangoni. Sista akaitazama trei yake. Akahesabu. Sita. Akahesabu tena kwa kidole. Sita.

"Vile vinne vya mwisho," akasema polepole. "Leo nilivifunga kwa haraka. Sikuhesabu."

"Basi nyamaza," mkwe akasema. "Nani atajua?"

"Atakayekikalia."

Akashika mkasi. Kiti cha kwanza akakipasua mshono, akapekua sponji kwa vidole, hamna. Cha pili hamna. Mkwe wangu alisimama kwenye ndoo yake, akakaa, akasimama tena. Cha tatu hamna. Alipofika cha nne, sponji imetapakaa chumba kizima, mlango ukagongwa. Nahodha.

Alisimama kizingitini, funguo zikimning'inia kidoleni. Mimi nilishangaa mpaka nikajikuna kichwa, na kilemba kikanichoma.

Asubuhi ile niliazima sindano moja ya trei kushonea mkanda wa kandambili yangu, nikamaliza, nikaichomeka kilembani nisiipoteze. Nikaona cherehani inabebwa kwenda kuuzwa, na mbebaji ni mimi.

"Kuna nini hapa?" Nahodha akauliza.

"Nimepoteza sindano," Sista akamjibu. "Viti hivi sikupi mpaka nijue iko wapi."

Ningeweza kuiangusha kwenye sponji. Shetani alinishauri hivyo, na ni rafiki yangu wa siku nyingi. Lakini nilimtazama mwanangu pale magotini, nikaichomoa.

"Iko hapa," nikasema. "Ilikuwa kwangu."

Mkwe wangu alifumba macho. Sista akaipokea sindano, akaiweka kwenye trei na kuhesabu mpaka saba, kwa sauti, kabla hajapumua.

Nahodha akavuta ndoo ya mkwe, akaikalia.

"Fundi aliyepita aliniachia pini ndani ya kiti," akasema. "Niliikalia mwenyewe, mbele ya abiria arobaini. Sista, ungenyamaza nisingejua."

"Mimi ningejua."

"Vinne hivyo nivifuate lini?"

"Kesho kutwa."

"Nikija nitakuja na vipimo vya zile tano." Akanigeukia. "Ila bibi, wewe utakuwa unakaa nje."

Nakaa nje mpaka leo. Mkwe wangu bado yuko kwenye ndoo, maana sebule imejaa maturubai. Kila nikiaga, Sista anakivua kilemba changu na kukikung'uta, trei mkononi. Juzi ulidondoka mkasi, na huo kwa kweli sijui ulifikaje.