Plagi za Ndege ya Mwalimu

Tarehe 9 Juni 2008 alipewa leseni ya ufundi wa injini ndogo za ndege, na karatasi yenyewe bado imetundikwa ukutani mwa banda la ndege, juu ya sinki, pembe zake zimejikunja kwa mvuke wa maji moto. Hapo uwanjani watu wote humwita Fundi, hata marubani wenye mafundi wao. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na huzikabili injini kama anavyowakabili wanawe: hatishi, habembelezi, anauliza.

Kati ya ndege anazozihudumia, moja ni ya shemeji yake, mume wa dada mkubwa. Huyo alifundisha jiografia hadi akastaafu, na mji mzima unamwita Mwalimu kwa kuwa nusu yake ilipita mikononi mwake. Ndege yake ina injini moja, viti vinne, na mlango wa kulia usiofunga mpaka ubamizwe. Alipomwoa dada, Fundi alikuwa mtoto wa miaka tisa. Mwalimu alimletea redio iliyokufa na bisibisi, akamwambia, "Ifungue tuone imekufa na nini." Fundi hajaacha kufungua vitu tangu siku hiyo.

Mwezi uliopita ndege ilikohoa, na dada alikuwa ndani. Walikuwa ndiyo kwanza wamepaa. Injini ikatetemeka kama mtu aliyepaliwa na maji, kisha ikatulia. Dada aliukumbatia mkoba wake mpaka walipotua. Alishuka, akanyoosha gauni lake, akasema, "Ikikohoa mara nyingine, inauzwa." Wanaomjua dada wanajua hicho si kitisho. Aliwahi kuuza kochi mgeni akiwa bado amelikalia.

Injini ile ina silinda nne, na kila silinda ina plagi mbili, moja juu na moja chini. Fundi alizifungua zote, akazichomeka kwenye trei yenye mashimo, kila moja mahali pake. Za juu zilikuwa kavu, rangi ya udongo. Za chini zilikuwa zimejaa vipunje vya kijivu, vigumu kama changarawe. Petroli ya ndege hizi ina madini ya risasi. Injini ikinguruma polepole kwa muda mrefu chini, huku inanyweshwa mafuta mengi, plagi hazipati joto la kutosha. Risasi inaganda mdomoni mwake na cheche inakosa pa kurukia. Alizisafisha. Baada ya wiki mbili zilikuwa vilevile.

"Niwekee zile za ncha nyembamba, shemeji," Mwalimu alimwambia. "Wenzangu wanazisifu sana."

"Wewe ukinunuliwa viatu vya mwanariadha, utakimbia?"

"Nikifukuzwa na dada yako, nitakimbia."

Fundi ana tabia moja: akishaifunga injini, haitazami ndege ikiondoka. Anasema ni sawa na kumchungulia mgeni anayekula. Kwa hiyo, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kumwona shemeji yake akitoka bandani kwenda kuruka. Safari hii alipanda, akaketi kiti cha kulia.

Kutoka bandani hadi mwanzo wa njia ya kurukia si mbali. Mwalimu alikwenda kama bwana harusi. Alisimama kwa wazima moto, akauliza hali ya mtoto wa mmoja wao. Alisimama kwa mkata nyasi. Alisimama kwa muuza mafuta, ambaye alikuwa mwanafunzi wake na bado anaficha sigara akimwona. Dirisha lake liko kushoto, lakini alipunga mkono wa kulia, akiupitisha mbele ya kifua, kwa sababu kwake yeye mkono wa kushoto hausalimii mtu. Mkono huo wa kulia ndio ulipaswa kuvuta kile kishikio chekundu kinachopunguza mafuta ndege ikiwa chini. Hakuna aliyekigusa.

"Si nilikwambia uwe unavuta hicho?"

"Navuta."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Na nafasi huipati."

"Watu wananiamkia, shemeji. Niwapite kama msafara wa waziri?"

"Basi adabu zako ndizo zinazoziba plagi."

Mwalimu alikitazama kishikio. "Dada yako usimwambie."

Neno moja kwa dada lingemaliza yote: ama ndege ingeuzwa, ama salamu zingepigwa marufuku, na Fundi hakutaka kumwona Mwalimu akiwapita watu kimya. Alirudi mezani kwake. Plagi za ncha nene, kama zile za zamani, ni imara lakini zinataka injini inayofanyishwa kazi. Za ncha nyembamba ni nzuri, na bei yake ni ya wenye nazo. Aina ya tatu ina pua ndefu inayochungulia ndani ya moto, na kuunguza uchafu wake yenyewe. Alifungua kitabu cha mtengenezaji wa injini, maana plagi kuingia kwenye tundu si hoja ya kuwa inaifaa injini. Kitabu kiliziruhusu zote tatu. Akachagua za pua ndefu.

Alipokuwa akizifunga, moja ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Aliitupa bila kuikagua. Ufa wa kauri ya plagi hauonekani kwa macho, huonekana angani. Alikuwa ameagiza moja ya ziada.

Jumamosi dada alikuja, mkoba mapajani, akaketi mbele kulia. Fundi akakaa nyuma. Mwalimu akasalimia kila mtu. Walipofika mwanzo wa njia ya kurukia alisimamisha ndege, akaongeza moto, akageuza ufunguo kuzima nusu ya cheche ili asikilize nusu nyingine. Mshale wa kasi ya injini ulishuka kidogo, ukatulia. Akajaribu upande wa pili. Vilevile. Injini haikutetemeka.

"Ndiyo nini hiyo?" dada aliuliza.

"Ndiyo nzima, dada."

"Na ilikuwa inaumwa nini?"

Fundi alitazama nje. Mwalimu ndiye aliyejibu. "Salamu."

"Salamu gani?"

Akaeleza yote: mkono, dirisha, kishikio. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote chakula changu kinapoa kwa salamu zako," alisema. "Kumbe na injini." Kisha akauliza, "Kipi hicho cha kuvuta?"

Mwalimu alimwonyesha. Dada alikishika, kama kukipima uzito, akakiachia. Wakaruka, wakauzunguka mji, wakatua. Haikukohoa.

Ndege haiuzwi. Kuanzia Jumamosi ijayo Mwalimu atasalimia, dada atavuta kishikio, na Mwalimu atakirudisha mwenyewe kabla ya kuruka. Mwisho wa mwezi Fundi atazifungua plagi za chini na kuzitazama.