Fatiha Moja Wakati wa Jua, Mbili Wakati wa Mvua

Wewe uliyekulia Biryogo miaka ile ambayo gari ya mtu ilijulikana kwa mlio wake kabla haijakata kona, hebu nisaidie kukumbuka harufu ya mazutu, yaani dizeli, asubuhi na mapema, ikichanganyika na harufu ya mandazi ya jirani na vumbi lililomwagiwa maji mbele ya vibanda vya mafundi cherehani. Watoto wangu wakiisikia harufu hiyo leo hufunga vioo na kunihubiria habari za mazingira, na sibishani nao, maana shuleni wamefundishwa vizuri. Ila kwangu mimi ile ndiyo harufu ya kwenda shule, na nikiisikia mahali popote mjini bado natazama soksi zangu kama ni safi.

Baba yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Zubeda kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba wake, alirudi nchini kutoka Bujumbura na vitu viwili vya maana: mashine ya kushonea ya Mama na stesheni wagoni ya dizeli. Gari yenyewe ilikuwa ndefu, rangi ya chai ya maziwa, na nyuma kabisa ilikuwa na safu ya tatu ya viti ambayo sisi watoto tuliigombea kama nyama ya sikukuu. Hata wakati huo ilikuwa imeshazeeka. Watu wa mtaa wakaibatiza jina la Nyogokuru, yaani bibi kwa Kinyarwanda, kwa sababu kila asubuhi iliamka kwa kukohoa na kulalamika kabla haijakubali kuondoka.

Ambaye hajawahi kukaa na dizeli ya zamani lazima aelezwe. Haiwashwi kama jiko la gesi. Unageuza ufunguo nusu, halafu unangoja buji za kupasha joto zifanye kazi yake ndani ya injini. Kuna taa ndogo ya rangi ya chungwa pale mbele, ikizimika ndipo unamalizia kuugeuza ufunguo. Ya kwetu ile taa ilikufa kabla sijaanza shule, na Baba hakuona sababu ya kuitengeneza kwa kuwa alikuwa na kipimo chake. Aligeuza ufunguo nusu, akaweka mikono magotini, na mtoto aliyekaa kiti cha mbele akasoma Suratul Fatiha kwa sauti. Fatiha moja wakati wa jua, mbili wakati wa mvua. Mtoto akisema amina, Baba anamalizia ufunguo, na Nyogokuru anaamka.

Mama hakuipenda habari hiyo. Alisema si adabu kuigeuza Qur'ani kuwa saa ya gari. Baba akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, "Kama mtu lazima angoje, si afadhali angoje na Mungu?" Kesi ikapelekwa kwa mwalimu wetu wa madrasa, naye alicheka mpaka akafuta machozi, akasema watoto wa Baba Zubeda ndio pekee ambao hajawahi kuwasahihisha Fatiha.

Kiti cha mbele kilikuwa cha zamu, na zamu haikuwa ya watoto wa nyumbani kwetu tu. Tulikuwa tukipanga ua mmoja na Mama Goreti, mjane Mkatoliki aliyeuza isombe, yaani kisamvu, na maharage kwenye kibaraza, na binti yake Goreti alisoma darasa moja nami. Siku ya kwanza zamu yake ilipofika sote hatukujua itakuwaje. Baba akamwambia, "Soma ya kwenu." Goreti akasoma Salamu Maria kwa Kinyarwanda, macho ameyafumba. Ikaonekana ni fupi, gari ikagoma, akarudia na kurudia, mpaka tukaelewa kwamba Salamu Maria tatu ndizo zinatosha Fatiha moja. Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Tatizo la Goreti lilikuwa haraka. Mwalimu mkuu wetu alisimama getini na rula yake ya mbao, na Goreti alikuwa mtoto wa kuogopa rula kuliko mwisho wa dunia. Basi zamu yake ikifika, hasa asubuhi za mvua, alizisukuma zile Salamu Maria zikaenda zimekanyagana, huwezi kujua ipi imeisha na ipi imeanza. Baba alizungusha ufunguo, gari ikaguna mara moja na kutulia. Hakuwahi kumgombeza. Aliurudisha ufunguo nyuma na kusema, "Goreti, mukobwa wanjye, binti yangu, Mungu hana haraka, na Nyogokuru pia hana. Anza upya." Sisi huko nyuma tulikuwa tukiguna kuliko injini, maana betri ikichoka tulijua kitakachofuata: kushuka wote na soksi nyeupe, kusukuma kwenye tope jekundu mpaka mteremko uichukue, halafu kuikimbilia na kuirukia kama wezi. Tulifika shuleni tumepakwa udongo mpaka magotini, na rula ilikuwa palepale inatungoja.

Gari ile ilibeba kila kitu. Ilibeba maharusi wa Nyakabanda wakiwa na shela lililojaza kiti chote cha nyuma, ikabeba mbuzi wa Idd, magodoro, wagonjwa na majeneza. Ilimpeleka Mama Goreti hospitali alipobanwa na kifua, na wiki mbili baadaye ikamrudisha, na mtaa mzima ukatoka kumpokea kama kwenye karamu. Jioni tulicheza chini ya kivuli chake mpira wa majani ya migomba, na tukichoka tulikaa kwenye bampa ya nyuma kula mihogo ya kukaanga, na Baba akipita anasema tu, "Msiipake mafuta hayo." Siku hizi watoto wakitaka kukutana lazima wazazi wapigiane simu kwanza.

Sasa Baba macho yamemfifia polepole, kama mtu anayefunga duka lake dirisha moja moja. Daktari alisema asishike tena usukani, naye alitii, lakini kila asubuhi aliendelea kutoka uani na kitambaa chake kuifuta gari asiyoiona vizuri. Mama alishatangulia mbele ya haki. Mimi naishi ghorofani upande wa Kicukiro na nina nafasi ya kuegesha gari moja tu. Mdogo wangu Shabani, anayekaa na Baba, anataka kujenga vyumba viwili hapo gari ilipo. Tulipokaa kuzungumza, Baba mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Tafuteni mtu wa kuichukua. Idd ikifika bila mtu, muite watu wa vyuma waje waikate." Aliyasema kama anazungumzia mlango mbovu, kisha akaingia chumbani akakaa huko mpaka alasiri. Nikajua kwamba ikikatwa gari ile mbele yake, kuna kitu ndani yake kitakatwa nayo.

Tukatangaza. Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana nadhifu, mwenye maswali mazuri sana, na sitamcheka kwa hilo. Aliuliza inakula mazutu kiasi gani, nikamwambia si mlaji kwa umbo lake, ila milima yetu inamfungua hamu. Akauliza pyesi, yaani vipuri, zinapatikana wapi, nikamwambia nyingine kwa waliobomoa za kwao, nyingine zinatoka Kongo, na nyingine fundi anazichonga mwenyewe. Mkanda wa taimingi? Umebadilishwa, na chujio la mazutu linatolewa maji kabla ya kila msimu wa mvua. Kontrole tekniki, ule ukaguzi wa magari? Mwaka huu imepita baada ya pampu kurekebishwa, lakini wanapima moshi siku hizi, mwaka kesho sikuahidi. Akaridhika, akaingia, na Baba akakaa kiti cha abiria, mikono magotini. Kijana akazungusha ufunguo mara moja mpaka mwisho, kama anavyofanya na gari zote za maisha yake. Nyogokuru akaguna. Akazungusha tena, na tena, moshi mweupe ukatoka kidogo, kisha kimya.

"Mzee, hii iko imekufa," akasema.

"Labda," akajibu Baba.

Nilifungua mdomo nimwambie kijana asubiri kidogo tu. Baba akanishika mkono kupitia dirishani, nikaufunga. Kijana alipoondoka nilimuuliza, "Baba, kwa nini hukumwambia angoje?"

"Nilitaka kuona kama atauliza. Ameuliza yote ya kumgharimu. Hajauliza inawashwaje."

Wa pili akaja na rafiki yake, wa tatu akaja na mkewe, na wote wakageuza ufunguo mpaka mwisho kwa mara moja, na wote wakaambiwa labda. Shabani akanipigia simu amekasirika. "Dada, huyu mzee anatuchezea. Watu wa vyuma nimeshawaita, watakuja siku mbili baada ya Idd." Nilimwelewa Shabani, ambaye alizaliwa wakati gari inakaribia kustaafu na hakuwahi kuisukuma, na nilimwelewa Baba pia, na kuwaelewa wote wawili hakukunisaidia kitu.

Siku chache kabla ya Idd ikanipigia simu namba nisiyoijua. Mwanamke akasema anaitwa Mama Kelia, anapika kwenye harusi, amechoka kukodisha pikapu kila Jumamosi kwa ajili ya masufuria, na amesikia sokoni kuna stesheni wagoni Biryogo. Nikamwambia aje. Alipofika nilikuwa naye getini kwa Baba sekunde kadhaa nikimwonyesha njia, ndipo akasimama akanitazama. "Zubeda, kweli hunijui? Goreti, sha." Nilimkumbatia nikalia pale pale, sina haja ya kuficha. Aliolewa Rubavu tukiwa wasichana, mama yake akamfuata huko, na simu zilikuwa bado hazijatuunganisha. Kumbe alikuwa amesharudi, anakaa Nyakabanda, mwendo wa miguu kutoka uani kwetu.

Nilitaka kumkimbilia Baba nimwambie. Goreti akaweka kidole mdomoni.

Baba alikuwa ameshaketi kiti chake cha abiria. Akaitikia salamu ya mgeni kwa upole uleule aliowapa wengine, mikono magotini, uso mbele. Goreti hakuuliza mazutu wala pyesi. Alisogeza kiti, akaweka mkoba miguuni, akageuza ufunguo nusu. Kisha akaitoa mikono yake kwenye usukani, akaiweka magotini, akafumba macho, akaanza Salamu Maria.

Alisoma polepole. Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Nilimwona Baba akigeuza kichwa, kidogo tu, kuielekea ile sauti. Alipofika ya pili midomo ya Baba ilikuwa inatembea, anasoma yake bila sauti, na mimi nje ya dirisha nilikuwa nasoma yangu. Alipomaliza ya tatu hakugusa ufunguo. Akaendelea mpaka sita, za mvua, nasi tukasoma Fatiha ya pili. Amina yetu ilifika pamoja. Akamalizia ufunguo, na Nyogokuru akakohoa, akalalamika, akaamka, na ile harufu ikajaa uani.

Baba akaisikiliza. Kisha akasema, "Siku hizi hukimbizi."

"Niliacha, Baba Zubeda," Goreti akasema. "Mwalimu hayupo tena getini."

Baba akacheka, na machozi yakamtoka, na akamwacha Shabani, aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, aone yote mawili. "Wapigie watu wa vyuma," akamwambia. "Waambie gari imeshapata mwenyewe."

Vyumba vya Shabani vimeanza kuinuka, na asubuhi Baba hana tena gari ya kufuta. Lakini kila Ijumaa Goreti humpitia kumpeleka msikitini kabla hajaenda kwenye kazi zake, na majirani wanasema wale wawili wanakaa ndani ya gari pale njiani, kila mmoja na lake mdomoni, na watu wenye pikipiki nyuma yao wanapiga honi wasijue kinachongojwa.

Gari yangu mimi inawaka kwa kubonyeza kitufe, haina mlio, na huondoka kabla wanangu hawajafunga mikanda. Kila mtu ana simu yake, na tunafika shuleni hatujasikiana sauti. Wiki iliyopita mvua ilikuwa inanyesha. Nilibonyeza kitufe, nikaweka mikono magotini, nikawaambia leo tunasoma Fatiha mbili ndipo twende. Walitazamana, kisha wakaanza. Tulikuwa hatujamaliza ya pili gari ilipotoa mlio mdogo na kujizima yenyewe, imedhani hakuna mtu ndani.