Waliofiwa Waje Mbele

Siku ya kwanza nilipopewa kazi ya ushauri nasaha, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa stoo ya majembe. "Madam, ofisi yako ndiyo hii. Wewe wasikilize tu." Eti tu! Nilitoa majembe, nikaingiza viti viwili. Wanafunzi waliona haya kuonekana wakiingia, kwa hiyo siku nyingi nilikaa humo peke yangu.

Miaka ikaenda, wakuu wakabadilika. Kisha mvua ikaporomosha mlima huko walikotoka wasichana wetu kadhaa wa bweni. Mwalimu mkuu wa wakati huo, mama wa huruma lakini wa haraka, akatangaza kwenye paredi ya asubuhi: "Waliofiwa waje mbele tuwaombee."

Chebet wa kidato cha pili hakuenda. Nyumba yao ilifunikwa na udongo, na mama yake alikuwa hajapatikana. Naibu wa mwalimu mkuu akamsukuma taratibu. Akajibu kwa sauti, "Mimi sijafiwa."

Tangu hapo akaacha kula. Walimu wakasema ana kichwa kigumu. Nyinyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa kwamba mtu lazima aukubali ukweli. Sawa, lakini sikilizeni kwanza midomo yenu! Kila mtu alimwambia, "Mama yako alikuwa mtu mzuri." Hiyo "alikuwa" ndiyo iliyomkaba koo.

Nikamwita, nikammiminia chai. "Mama anapika nini Krismasi?"

Akanitazama sana. "Kuku. Na kila mwaka anamuunguza." Akacheka kidogo, akanywa.

Tukaendelea hivyo muhula mzima: mama anakataza hili, mama anapenda lile. Chakula kikaanza kushuka. Mwalimu mkuu akanionya, "Madam, unamdanganya huyu mtoto." Niliogopa, maana pengine alisema kweli. Na ningemuuliza nani? Siri za wanafunzi hazipelekwi stafurumu, kwa walimu wengine.

Alasiri moja Chebet akaja bila kuitwa. "Madam, mama alikuwa anaimba vibaya, aki ya Mungu." Akalisikia neno lake mwenyewe, hilo "alikuwa". Akalia mpaka kengele ya chakula, nami nimemshika, kisha akaenda kula na wenzake.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Kimumu. Jirani akiniletea chai, mimi humwambia, "Mzee wangu hapendi sukari nyingi." Ananisahihisha: "Hakupenda, Mama. Alishaenda." Ananisahihisha kila mara, halafu anakimbilia kwake. Mtu wa kukaa akaniuliza mzee anapenda nini kingine, huyo sijampata.