Niliomba karatasi ya tribunal juu ya muchumba wa dada yangu, Élisabethville ya zamani

Wakuu, yambo yenu. Kwetu Lubumbashi tunasema bakubwa, lakini hapa nimeingia nyumba ya bengine, nitasema kama benye nyumba.

Mi ni muzee. Macho haione tena herufi za simu. Anayefinya ni Mimie, mujukuu wa dada yangu. Mi nasema, yeye anaandika. Mukiona makosa, mumugombeze yeye.

Nimesikia humu bantu banaulizana namna ya kupata hukumu za zamani: nani alifungwa, juu ya nini, karatasi iko wapi. Mi niliitafuta, wakati mugi yetu ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville. Nitaeleza yote, hata pahali panaponipa haya. Sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, dactylo, mupiga mashini ya kuandika, mu duka ya Mugiriki mumoja. Nilipiga mashini muzuri, ijapokuwa mukono yangu ya kushoto haijanyooka mpaka leo. Nilianguka ku muti ya mapera siku kuu ya Matawi, nikiwa na miaka kumi na mbili, na nguo za misa bado mwilini. Benzangu ku kazi balikuwa banasema napiga mashini kama kaa. Baache tu.

Sasa, dada yangu Mujinga, njo jina yake, si tusi, akapata muchumba. Jina lake Mukendi, karani, muntu wa Kasai. Shati nyeupe, viatu vinang'aa, sauti ya chini.

Mi sikumupenda. Nasema wazi.

Kwanza, alikuwa na adabu kupita kiasi. Muntu wa vile anaficha kitu. Pili, akikaa mu salon yetu, anaangalia Baba. Haangalii Mujinga, anaangalia Baba. Tatu, hakukula kwetu. Hata kidogo.

Najua, mutaniambia ni desturi, mukwe mupya hakule ovyo kwa bakwe zake. Sawa. Lakini maji? Jua ya mwezi wa kumi, muntu ametembea kwa miguu kutoka mbali, Mama anamupa kikombe, anasema "Aksanti Mama, nimeshiba." Umeshiba maji?

Kila siku ya Mungu, kisha misa, anakuya, anakaa, anaangalia Baba, anaenda.

Na Baba naye! Baba alikuwa zamu, mulinzi wa depot ya kampani moja, jina naliacha. Muntu wa kusema mingi, wa kucheka. Mukendi akiingia, Baba ananyamaza, anaangalia mulango.

Siku Mukendi alileta neno ya ndoa, Baba alingoja aende, kisha akasema:

"Hapana. Huyo alifungwa. Ni mwizi."

Mujinga akalia. Mama akauliza, "Ulijulia wapi?" Baba akasema, "Nasema alifungwa. Basi." Akatoka.

Siku tatu Mujinga hakukula. Mama akaniita kando ya nyumba, akaniambia, "Ngoie, wewe njo unajua Kifaransa. Enda utafute karatasi. Kama ni mwizi, Mujinga atamuacha. Kama si mwizi, baba yako atanyamaza."

Nikafurahi, wakuu. Nilitaka kumukamata Mukendi.

Nilianza na kosa. Nilienda ku tribunal ya cité, korti ya kwetu beusi. Kule ni bibi na bwana, ni mbuzi imekula mihogo ya jirani. Karani akanicheka: "Mwizi aliyefungwa? Hiyo iko mu mugi, kwa bazungu. Enda na barua, uvae viatu."

Nikaenda na barua, nikavaa viatu.

Ku mulango polisi akaniuliza nani ameniita. Nikasema hakuna. Akashangaa, muntu anaenda ku tribunal bila kuitwa! Akageuza barua yangu mara mbili, na hakujua kusoma, niliona alikuwa anaishika kichwa chini.

Ndani, ku greffe, pahali wanapochunga hukumu, nikakuta musaidizi wa greffier. Mweusi kama mi, miwani ku pua, mikono na wino. Akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Wewe ni nani kwake?"

"Shemeji." Neno ilitoka kabla sijaifikiria.

"Shemeji anayetafuta karatasi za shemeji." Akacheka na pua. "Hukumu ilisomwa mbele ya bantu bote, kwa hiyo unaweza kuiomba. Lakini nipe jina, jina ya baba yake, mugini yake na chefferie, ile inchi ya sultani wao. Ba-Mukendi ni bengi. Ukiniletea jina tupu, nitakupa mwizi wa mwengine."

Hiyo muishike, wakuu. Jina moja haitoshe.

Ikabidi nimuulize Mujinga pole pole, leo jina ya baba, kesho mugini, kama vile natafuta habari za ndoa. Alinijibu na furaha. Aliniona nimekuwa rafiki. Hapo nilijisikia mubaya, lakini sikuacha.

Kisha majuma matatu nikapewa extrait, kifupi ya hukumu. Karatasi moja, nusu tupu. Jina: Mukendi, njo yeye. Kosa: wizi wa bâche, yale maturubai ya kufunika mizigo. Azabu: miezi sita.

Nilirudi na kinga, baiskeli yangu, nakanyaga mbio, nimeshinda!

Nikamukuta Baba peke yake kwenye kiti, anatengeneza kiatu. Nikamuambia, "Baba, ulisema kweli. Iko hapa, na muhuri."

Wakuu, nilingoja acheke. Nilingoja aseme, "Wewe njo mutoto wangu kweli."

Nyundo ilimuanguka.

"Nani alikutuma?" Sauti haikuwa yake. "Imeandika nini tena? Jina gani zingine?"

"Hakuna zingine. Ni Mukendi tu."

Akapumua. Akasema, "Tia mu moto. Usionyeshe muntu."

Nikabaki na karatasi mu mukono. Karatasi inasema sawa na yeye, na anaiogopa. Muntu anayeshinda anaogopa nini? Ile usiku... hapana, Mimie, futa, si usiku, ilikuwa palepale. Palepale niliacha kumuzania Mukendi, nikaanza kumuzania baba yangu muzazi. Ni kitu kibaya sana, siwatakii.

Nikarudi ku greffe. Yule wa miwani akaniona, akasema, "Shemeji! Haikukutosha?"

Nikamuambia nataka kujua zaidi.

"Extrait ni kichwa na mukia," akasema. "Tumbo iko mu jugement, hukumu yenyewe. Mwendeshaji mashitaka, mashahidi, nani alisema nini. Hukuiomba, sikukupa."

Sikuruhusiwa kuitoa. Nikaisoma nimesimama, ku meza yake, naye ananichunga.

Ilikuwa na shahidi mumoja tu. Zamu wa depot. Jina ya baba yangu, mugini ya baba yangu, alama ya kidole chake.

Na hapo chini: shahidi anaapa kama siku kuu ya Matawi, kisha misa, hakutoka ku mulango wa depot mpaka jua kushuka, na kwa macho yake aliona karani Mukendi anatoka na bâche.

Siku kuu ya Matawi. Nikaangalia mwaka. Nikaangalia mukono yangu ya kushoto.

Siku ile, wakuu, Baba alikuwa na mi. Bantu balimuita, aliacha zamu, akanibeba ku kinga mpaka ku dispensaire. Alinishika bega wakati banavuta mufupa. Aliniimbia mpaka jua kushuka. Nilikuwa nalia, nakumbuka jasho yake.

 Yule wa miwani akanisukumia kiti. Sijui kama alijua. Nazania alijua.

Nilienda moja kwa moja kumungojea Mukendi atoke kazi. Nikamuambia, "Nimesoma."

Hakuuliza nini. Akasema, "Yote, ao extrait?"

"Yote."

Akafuta miwani... hapana, miwani ni ya yule mwengine. Mukendi alifuta uso. "Nilimupenda Mujinga kabla sijajua ni mutoto wa nani. Siku ya kwanza nikaingia kwenu, nikamuona muzee. Naye akaniona."

"Sasa unarudi juu ya nini? Unataka kulipiza?"

Akatia leso mu mufuko. 

"Nataka aseme yeye mwenyewe. Mi sitamusemea. Na wewe usimusemee, Ngoie."

Mpaka leo sijui kama nilimuamini ile siku.

Siku ya Mungu iliyofuata, ba-mujomba bakakuya, kwa sababu Baba alitaka kumaliza neno ya "hapana" mbele ya jamaa. Mukendi naye alikuya, shati nyeupe. Mama akapika bukari, ule ugali wetu, na samaki ya Kilwa, ile ya kwetu ku ziwa. Mukendi akasema, "Aksanti Mama, nimeshiba."

Baba akaanza: "Huyu muntu alifungwa..."

 Nilikuwa nimeambiwa nisimusemee, na sikumusemea. Nilikunja mukono ya shati tu, nikaweka mukono yangu ya kushoto juu ya meza, mbele yake.

"Baba, hii ilivunjika siku gani?"

 Mama akajibu, masikini, hakujua kitu: "Siku ya Matawi! Umesahau? Baba yako alikubeba, alishinda na wewe ku dispensaire, akarudi jua imeshuka. Siku nzima!"

Baba akaangalia ile mukono.  Mujomba mumoja akataka kusema, Mukendi akamuinulia kidole, angoje.

"Sikuwa pale," Baba akasema. "Sikuona muntu. Bâche zilipotea, mi sikuwa ku mulango. Muzungu akaniambia, zamu asiyeona mwizi ni yeye mwizi, atoke mu nyumba ya kampani na batoto bake. Akaniuliza, karani wa Kasai alikuya? Nikasema eeh."

Akamuangalia Mukendi, mara ya kwanza. "Nilikusema uongo, mutoto wa bengine."

 Mujinga alikuwa ku mulango wa jikoni, mukono ku kinywa. Niliogopa Mukendi atasimama, atamupiga Baba, ao ataenda na asirudi.

Mukendi akakaa vile vile. Kisha akamugeukia Mama.

"Mama," akasema, "bukari ingali iko?"

Akanawa mikono. Akala mingi, wakuu! Akala kama muntu aliyefunga miezi sita, na akaomba maji mara mbili.

Balioana. Baba alikuwa anamungojea ku mulango kila siku ya Mungu, mpaka kufa kwake. Hukumu haikubadilishwa. Mukendi alikataa kuirudisha mbele ya bazungu, juu Baba angefungwa.

Funzo yangu ni hii. Ukitafuta hukumu, usiombe extrait peke yake, omba jugement yote, na usome majina ya mashahidi kwanza. Na ukiisha kusoma, kumbuka iliandika maneno iliyosemwa mule ndani. Kama ni kweli ao ni uongo, hiyo utatafuta pahali pengine.

Ngojeni kidogo. Mimie ameacha kufinya. Ananiuliza, "Nkambo, huyu Mukendi ni nkambo wangu, babu yangu mwenyewe? Ule alikuwa ananipa sukari?"

Njo yeye, mama. Mu mabuku ya tribunal ingali inaandika mwizi.

Anasema kesho ataenda ku greffe. Mwenye kujua mulango gani siku hizi, amuandikie hapa chini. Na mwenye kuona nilikosa kumuuliza Baba mbele ya bantu, aseme pia. Nasikiliza.