Adeer wangu aliona haya kuikimbia mvua aliyoiomba mwenyewe

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa salamu nyingine pia hamjambo.

Leo mcheshi wenu wa Garissa sina utani mwingi. Naapa mara moja tu: walaahi haya yalitokea, na nikidanganya ngamia anikalie.

Niko Form Three. Nimekuja Nairobi likizo na naiba kompyuta ya ofisini kwa binamu, so typing mnisamehe.

Ilianza na swali la mtihani wa Jiografia: mji wa milimani unaweza kuhimili maafa kiasi gani?

Mlima? Garissa? Kitu kirefu kuliko vyote kwetu ni kichuguu, kikifuatiwa na twiga.

Nikajibu: "Sijui, sijawahi kualikwa huko." Mwalimu Njeru, ambaye kwao ni mlimani kabisa, alinichapa viboko viwili, kisha akaliambia darasa zima, "Basi mtatathmini mji wenu."

Sasa kabla sijaendelea, mjue hali ilivyokuwa.

Ukame ulikuwa umetukalia vibaya. Mbuzi walikula katoni, na katoni zikaisha. Wazee wakaitisha swala ya kuomba mvua, uwanjani, juani. Aliyeswalisha ni adeer Bishaar, mdogo wake baba, mwenye ndevu nyekundu za hina. Aligeuza shuka yake ndani nje kama inavyotakiwa, akalia mbele ya watu.

Mvua ikaja. Adeer akawa star. Hadi watoto barabarani wakimwona wanashangilia.

Shida ni kwamba mvua ilikataa kuondoka, kama mgeni aliyeonja pilau.

Na kwetu mvua haitukanwi, wakuu. Ukisema tu "nimelowa", ayeeyo, yaani bibi, anakuzaba kofi: "Unamrudishia Mungu zawadi?" Kwa hivyo mji mzima ulikuwa unatetemeka, godoro limeoza, choo kimebomoka, na kila mtu ni alhamdulillahi tu.

Katika hali hiyo ndipo tulitoka field work, madaftari ndani ya mifuko ya plastiki.

Hospitali iko mbali na mto, tukaipa alama. Daraja zito, alama. Malori ya mifugo yanaweza kubeba watu, alama. Tulijiona tumefaulu maafa yote.

Mwisho tukashuka kwa shamba la adeer, mapapai na ndizi kando ya Tana. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba magogo.

"Mzee, maji yakipanda utaenda wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Bole bole, mwalimu," adeer akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mfua ni rehema. Rehema inakimbiwa?"

Darasa likacheka. Mimi ndiye nilianza.

Mwalimu hakucheka. Alitazama mto sana. "Huu mto unatoka kwetu," akasema. "Kule juu kunanyesha vibaya. Maji haya mnayoyaona bado ni ya mvua ya juzi."

Siku chache baadaye baba akanituma nikamhamishe adeer. Nilimkuta adeer amempakia mkewe na watoto kwenye mkokoteni wa punda, wanakwenda kwetu. Yeye amekaa juu ya pampu yake ya maji.

"Adeer, baba amesema twende wote."

"Nani atalinda pampu?"

"Pampu haina mama, adeer. Ikifa hakuna wa kulia."

Akacheka, akanivuta sikio. Halafu akashusha sauti.

"Waryaa, kijana, mimi ndiye nilisimama mbele ya watu nikaiomba. Leo wanione naikimbia na godoro kichwani? Nitaswali nao wapi tena?"

Nikamshika mkono. Akautoa, taratibu tu. Punda akaanza kutembea na watoto wakawa wanalia, nikawafuata.

Maji yalifika alasiri ileile. Mlima ambao sikuwahi kualikwa ulikuja wenyewe.

Tulimpata yalipopungua, amenaswa kwenye uzio wa miiba wa shamba la jirani. Hina ilikuwa bado kwenye ndevu.

Wakuu, kaburi. Tulichimba, likajaa maji. Tukasogea, likajaa tena. Wanaume ambao maisha yao yote wamechimba visima vikavu wamesimama na majembe, na maji yanabubujika yenyewe chini ya miguu yao.

Hapo ndipo imamu akainua mikono akasoma dua ambayo sikuwahi kuisikia. Inamwomba Mungu mvua iwe kando yetu, isiwe juu yetu, inyeshee vilima na mabonde. Ipo tangu zamani, wakuu. Kuomba mvua iondoke si dhambi! Ila kwetu hakuna aliyewahi kuihitaji, hata watu hawakujua waseme "amin" wapi.

Mwalimu Njeru alikuwa amesimama pembeni, suruali imekunjwa. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, tunairudisha kwenu."

Naye akainua mikono. Kisha akasema, "Amin."

Somo nililopata: tuliupima mji kwa daraja, malori na hospitali. Hatukuuliza ni nani kati yetu atathubutu kusema "imetosha", na yule wa kwanza kukimbia tutamcheka au tutamfuata.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu ni kitu gani watu wanaona haya kukikimbia? Semeni. Matusi pia napokea, ila adeer wangu mwacheni.