Bageti ya Chungu cha Hospitali

Sogeeni karibu, ninyi wanangu mnaojifunza kulehemu. Mashine zinaweza kungoja kidogo. Mimi nilianza kazi Walikale, miaka ya hamsini, katika karakana ya mgodi upande wa Mubi. Siku ya kwanza shefu, yaani mkubwa wa karakana, Mzungu aliyezoea Kiswahili chetu, alinipa chuma cha kugongea alama na kunieleza desturi ya pale: kila fundi hupiga alama yake kando ya mshono alioulehemu. Mshono usio na alama hautoki mlangoni.

Nikajifunza bageti, vile vijiti vinavyoyeyuka na kujaza mshono. Bageti huchanganyika na sahani, yaani bamba la chuma unalolehemu, kwa hiyo sahani ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, inataka bageti yenye kromu na nikeli kama yake, na zaidi kidogo. Sahani nene unazichonga kingo zikutane kama V, halafu unajaza tabaka nyembamba, ukiacha kila moja ipoe. Ukijaza kwa bageti ya chuma cha kawaida, mshono unakuwa mgumu lakini mwepesi kuvunjika kama kioo.

Basi tukaletewa chungu cha inoksi cha kupikia kwa mvuke katika jiko la hospitali, kuta zake nene kama kidole, mshono umeachana. Bageti za inoksi zilikuwa zimeisha.

"Tumia hizi za kawaida," shefu akasema.

"Shefu, unajua itapasuka."

"Najua. Lakini direkta wa mgodi anataka itoke leo."

"Bamama ba jikoni njo batasimama pembeni yake, na mvuke iko ndani. Alama yangu haitaingia pale."

"Basi kesho unabeba kuni ya boila."

"Kuni pia inabebwaka."

Shefu akamgeukia Bauma, fundi mwenzangu wa pekee. Bauma akavua kofia ya kulehemu polepole. "Shefu, iyo kuni iko ya kutosha batu babili?"

Tukabeba kuni, mvua ikitunyeshea, na chungu kikabaki sakafuni. Bageti za inoksi zilipofika, shefu alimtuma mtu atuite. Tukakilehemu chungu, tabaka juu ya tabaka, na alama zetu zote mbili zikaingia.

Leo nimestaafu, nalima maharage Masisi, na mgongo unaniuma. Sijutii. Mtapata wakubwa wenye haraka, na watawatisha. Mnaweza kukataa, wanangu; mikono ni yenu. Kabla ya kuwasha, soma pakiti ya bageti, linganisha na sahani iliyo mbele yako. Zisipolingana, zima mashine.