Baiskeli ya Daoud Ukumbini

"Moinafouraha, hiyo baiskeli unamwekea nani?"

Bi Ismahane, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni na sahani ya mkate wa mchele mkononi. Ulikuwa mwaka ule ambao kisiwa cha jirani, Ndzuani, kilifungiwa bandari, meli za Moroni zikawa haziendi tena Mutsamudu, mji wake mkuu. Hakuuliza kwa ubaya. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa ukumbi, imefunikwa leso kuukuu, na kila aliyeingia ilimbidi ajipinde kidogo ndipo apite. Moinafouraha alipokea sahani, akashukuru, akamkaribisha jirani yake akae. Swali akaliacha pale pale. Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa la kutolewa mlangoni.

Baiskeli ilikuwa ya mumewe, Daoud, mtu wa Mutsamudu. Alikuja Moroni angali kijana, akafanya kazi ya kutengeneza mafriji, akamwoa Moinafouraha na kuhamia kwake. Ndiyo desturi ya visiwa hivi: nyumba ni ya mwanamke, amejengewa na baba yake na wajomba zake, na mwanamume huingia humo na vitu vyake. Daoud aliingia na sanduku la nguo, mswala, na baiskeli hiyo. Haikuwa baiskeli ya kubebea ndizi. Ilikuwa ya mashindano, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, matairi membamba kama kidole. Aliipata kwa mwalimu mmoja Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao.

Mtaa mzima ulimcheka. Pale mjini baiskeli ilikuwa mchezo wa watoto, na mtu mzima mwenye safari yake alipanda taksi. Lakini kila Jumapili, akishaswali alfajiri, Daoud aliisukuma baiskeli yake kichochoroni hadi barabarani, chai yake kwenye chupa na ndizi mbivu mfukoni. Mzee Moindjié, aliyeipenda baraza ya msikiti kuliko nyumba yake, hakumwacha apite hivi hivi.

"Daoud, leo tena? Mbuzi wako hajapatikana tu huko mlimani?"

"Nimeona nyayo zake, mzee."

"Basi siku ukimpata tuite tule. Tumechoka kungoja."

Akishapita kijiji cha Vouvouni, Daoud aliipa pwani mgongo na kuanza kupanda. Njia zile hazina huruma. Kona moja ikiisha nyingine inakungoja juu yake, mawe meusi ya volkano kulia na kushoto, kisha migomba, kisha baridi, kisha ukungu, halafu msitu wenyewe wa mlima Karthala. Hapo ndipo aliposhuka, akanywa chai yake na kukaa kimya. Safari nyingine aliuzunguka mlima wote akarudi jioni, chumvi imemkauka usoni, miguu inatetemeka, macho yanacheka.

Moinafouraha hakupata kufika huko. Aliujua msitu kwa maneno ya mumewe na kwa vile alivyomletea mfukoni: jani la kangaga lililolowa, gome lenye harufu ya mvua. Mungu hakuwajalia mtoto, na Jumapili ilikuwa siku ndefu. Alipika, akaswali, akafua, akapika tena, huku sikio lake likiwa kichochoroni. Gurudumu la nyuma, likisukumwa tu bila kukanyagwa pedali, lilitoa sauti ndogo, tiki-tiki-tiki, kama mdudu wa kwenye nyasi. Akiisikia tu, alisema alhamdulillahi na kupakua chakula.

Kisha Ndzuani ikajitenga. Mwanzoni yalikuwa maneno ya redioni. Wakubwa walikutana, wakaachana, wakakutana tena. Lakini mwaka tisini na tisa mazungumzo yalipoharibika, vijana wa Moroni waliweka mawe na magogo barabarani, wakawa wanasimamisha watu kutafuta Wandzuani. Daoud hakuwa na pa kujificha. Mji mzima ulimjua, maana ni nani mwingine aliyepanda mlima kwa baiskeli? Watoto aliowajazia upepo mipira yao kwa pampu yake walisimama mbele ya nyumba pamoja na wakubwa, na mmoja wao akasema, kwa sauti ya aibu kidogo, "Daoud, nenda kwenu."

Mjomba wa Moinafouraha ndiye aliyemsindikiza bandarini. Daoud aliondoka na mfuko wa plastiki wenye mashati mawili. Mkewe alipotaka kumfungia sanduku, alimshika mkono.

"Vitu vyangu viache vilivyo," alisema.

Jumapili zikawa tupu. Moinafouraha aliendelea kuamka mapema na kuchemsha chai ya chupa, akainywa mwenyewe, kwa kuwa ni dhambi kumwaga. Alipofagia ukumbi gurudumu lilijizungusha kidogo kwa kuguswa na ufagio, likatoa ile sauti, na moyo wake ukaruka kabla akili haijauzuia.

Miezi ikapita. Siku moja Inzoudine, mfanyabiashara wa Mirontsy, kule jirani na Mutsamudu, akaleta salamu. Mamake ni wa huku Moroni, kwa hiyo yeye alikuwa bado anapita, na wakati huo bandari ya Ndzuani ilikuwa haijafungwa.

"Mumeo mzima. Yuko kwa dada yake Rahamatou, kapewa chumba cha mbele, kile cha wageni. Kazi hana. Kutwa anaipanda njia ya mlimani kwa miguu na kushuka. Anasema miguu yake inamuuliza habari za baiskeli."

Inzoudine alicheka. Moinafouraha hakucheka. Alimwona Daoud katika chumba cha wageni, nyumba ya dada, akingoja kuitwa kula. Kabla mgeni hajamaliza kahawa yake, alikuwa ameshaamua.

Mama yake, Bi Rafia, alikuwa mgonjwa wa miguu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Mwanangu, kitu cha mume kikitoka nyumbani kwa mkono wa mke, maana yake ni moja. Watu watasema umemtoa, ndoa imekwisha."

"Simtoi, mama. Nampelekea."

"Mlangoni, cha kutolewa na cha kupelekewa vinapita sawa."

"Ndiyo maana naipeleka mwenyewe. Akiniona uso atajua."

Hapo ndipo alipokosea, ingawa alikosea kwa mapenzi. Alidhani uso wake utasema kwa sauti kubwa kuliko baiskeli.

Siku ya safari aliisukuma mchana kweupe, akapita mbele ya milango yote. Mzee Moindjié alimtazama barazani, akavuta miguu yake ampishe. Bandarini meli ilikuwa imetia nanga mbali, na mwenye mashua aliiinua baiskeli juu ya vichwa vya abiria.

"Mama, huyu anajua kuogelea?"

"Hajui," alisema Moinafouraha. "Kwa hiyo mshike vizuri."

Mutsamudu vichochoro ni vyembamba, na ile sauti ya gurudumu ilidunda kuta zote mbili. Wanawake walitokeza milangoni. Waliona mwanamke mgeni na baiskeli ya Daoud, wakarudi ndani. Rahamatou alipofungua mlango, aliiona baiskeli kabla ya kumwona aliyeishika.

"Wifi," alisema taratibu, "hukuweza hata kumtuma mtu? Lazima umvue nguo mbele ya mji wake?"

Moinafouraha aliinama kuvua viatu. Alikaribishwa, akapewa maji, akaoneshwa pa kuswalia. Kila kitu kilifanywa kwa adabu, na adabu ile ilikuwa baridi kuliko ukungu wowote aliowahi kusimuliwa.

Daoud alirudi kutoka matembezini mwake viatu vimejaa udongo. Alisimama kizingitini. Akaitazama baiskeli, akamtazama mkewe, akamsalimia kama anavyosalimiwa mtu wa heshima usiyemjua sana.

"Na sanduku?" aliuliza. "Sanduku nalo umelileta?"

"Liko palepale. Sikuligusa."

Aliitikia kwa kichwa. Dada yake alikuwa amesimama kati yao na birika mkononi, na mbele ya wifi yake Moinafouraha aliona haya kusema lililokuwa moyoni.

Alfajiri iliyofuata Daoud aliichukua baiskeli akaenda. Rahamatou alisema amekwenda kuuzunguka msitu wa mlima Ntringui: atapanda na njia ya Koni, ateremkie Bambao, arudi kwa pwani kupitia Ouani. Basi Moinafouraha akangoja, katika nyumba isiyo yake. Hakukuwa na chungu cha kuangalia. Alishika tasbihi, akaketi karibu na mlango, akasikiliza sauti za mji asioujua. Adhuhuri ikapita. Alianza kufikiri kwamba mumewe amekwenda ili asikutane naye, kwamba atarudi meli ikishaondoka. Alimwomba Mungu ampe subira, kisha akamwomba waziwazi ampe mumewe.

Ilikuwa baada ya alasiri aliposikia tiki-tiki-tiki kichochoroni. Alisema alhamdulillahi, mikono ikainuka yenyewe kupakua chakula ambacho hakukipika.

Daoud aliketi kizingitini, chumvi usoni, akatoa mfukoni jani la kangaga lililokunjamana. Alimwekea mapajani.

"Huku msitu umebaki juu tu, kama kofia," alisema. "Watu wamelima hadi kwenye shingo yake. Lakini ukungu ni ule ule. Kwenye kona za kule juu nilitaka kulia, mnyororo unavyovuta."

Rahamatou alikuwa ameingia ndani kwa makusudi. Moinafouraha akasema haraka, kabla haya haijamrudia.

"Niliambiwa miguu yako inaiuliza. Nikaileta. Sikukutoa, Daoud. Wallahi sikukutoa."

Daoud alisugua magoti.

"Nilipoiona jana nilijua mambo yamekwisha," alisema. "Nilikwenda huko juu kuaga. Kukuaga wewe, na baiskeli pia."

"Na sasa?"

"Sasa nakusikia. Lakini watu wa Moroni waliiona ikitoka kule, na hawa wameiona ikiingia huku. Hao hawakusikii."

Chakula kikaletwa. Daoud alikula kwa njaa ya Jumapili zote zile, na mkewe akamtazama akila.

Meli ilikuwa ya kesho yake, na haikujulikana kama itakuja nyingine. Bi Rafia alikuwa peke yake nyumbani. Daoud hakuweza kurudi. Moroni ilikuwa haijapoa. Alimsindikiza mkewe hadi gatini akiisukuma baiskeli kando yake, na Moinafouraha alidhani ameichukua ili akishaagana naye apande mlimani. Miguu yake ilikuwa imefurahi jana. Hata mtoto angeona.

Ngazi ya meli ilipokuwa karibu kuvutwa, Daoud aliuweka usukani mikononi mwa mkewe.

"Irudishe nyumbani," alisema. "Ipitishe mlango ule ule, mchana, watu wakiona. Iegemeze pale pale ukutani, na usimwache mtu aiondoe mpaka nije niiondoe mwenyewe."